Azimio Letu Kuhusu Mshale

Sentensi iliyokaribia kuniua niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya buluu, na nilipoimaliza niliisoma mara mbili kwa kuridhika. Mimi ni mtu wa sentensi. Nilisomea falsafa chuo kikuu, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuhariri miongozo na kanuni za watu wengine. Kwa hiyo wakazi wa kipande chetu cha mtaa wa Komarock, Nairobi, nyumba thelathini na mbili zenye lango moja na mlinzi mmoja, waliponichagua kuwa katibu wa kamati yao, niliona wamenitendea haki.

Mkutano wenyewe uliitishwa Jumapili moja alasiri kwa sababu majirani wa ng'ambo ya barabara walikuwa wameibiwa televisheni na mitungi miwili ya gesi. Mlinzi wao alikuwapo na alikuwa macho. Alikuwa pia na upinde, kama walivyo nao walinzi wengi wa mitaa yetu ya Eastlands, ambao wengi wao hutoka Kitui na Makueni, huko Ukambani, na huja mjini na silaha wanayoijua. Tatizo ni kwamba upinde ulikuwa mgongoni na mishale ilikuwa podoni. Alipokuwa bado anapapasa begani kutafuta mshale, wezi walikuwa wamekwisha kupanda pikipiki.

Mlinzi wetu naye alikuwa mtu wa Kitui, mwembamba, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Sote tulimwita mzee, na asipokuwapo tukamwita soja. Tulimwita mkutanoni aeleze jinsi anavyofanya kazi. Mwenyekiti wetu, dereva mstaafu wa malori ambaye husema na kila mtu kana kwamba yuko upande wa pili wa injini inayonguruma, ndiye aliyeanza.

"Mzee, hiyo upinde ikikaa mgongoni inasaidia nani?"

"Inasaidia mgongo usipate baridi," soja akajibu.

Tulicheka, lakini mwenyekiti hakuishia hapo. Alimtaka atoe mshale mmoja mbele yetu kama anayemwona mwizi. Soja alitoa. Kigumba chake kilikuwa kimeviringishwa ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, kuanzia shingoni hadi kwenye ncha, kama kidole kilichofungwa bendeji. Akaanza kuufungua, taratibu, huku mwenyekiti akihesabu kwa sauti. Alifika ishirini na sita.

"Ishirini na sita," mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja. "Mwizi ameshafika Dandora, amekaa chini, amewasha hiyo TV."

Nilimuuliza soja kama haingekuwa bora atembee zamu yake mshale ukiwa tayari kwenye uzi. Alifikiri kidogo.

"Kwetu watu wakiingia msituni, mshale unakaa kwa podo mpaka mnyama aonekane," alisema. "Kukiwa na mmoja anataka kutembea nayo kwa uzi, huyo anawekwa mbele ya wote. Hakuna mtu anakubali kutembea mbele yake."

"Kwani bado mnawinda huko?" akauliza mwenyekiti. "Serikali si ilikataza?"

"Mimi naongea ya babu. Babu hakuwa na serikali."

"Na mnyama akitokea ghafla kabla mshale haujatolewa?" nikauliza.

"Anaenda zake, madam. Si wengine wako?"

Jibu hilo lilinichukiza. Nililiona kuwa la mtu asiyejali mali ya wenzake. Wazazi wangu ni Wakamba wa Machakos, lakini mimi nilizaliwa na kulelewa hapahapa Nairobi, mtaa wa Tena, na upinde wa pekee niliowahi kuushika ni ule wa mapambo, wa kuuziwa watalii, ambao baba aliutundika ukutani sebuleni. Sikujua lolote kuhusu msitu. Nilichokijua ni hoja, na hoja ilikuwa upande wangu: silaha isiyokuwa tayari si silaha.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, jirani yangu wa nyumba ya pembeni, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla aliyezaliwa Majengo kule Pumwani. Alikuwa amehiji, na sote tulimwita Hajji. Alimgeukia soja kwanza.

"Hiyo ina sumu?"

"Mshale ni mshale, Hajji."

Hakuna aliyeomba jibu lililo wazi zaidi, nami nakiri kwamba sikuomba kwa sababu sikutaka kujua. Ingekuwa na sumu, tungelazimika kuikataza. Isingekuwa nayo, tungejiona tumelala mlango wazi.

"Basi mimi sikubali," alisema Hajji. "Kila alfajiri natoka msikitini narudi kwangu kwa miguu. Nataka kupokewa na salamu, sitaki kupokewa na chuma."

"Utakohoa, Hajji, ajue ni wewe," mwenyekiti akamwambia.

"Nikohoe nikiingia kwangu mwenyewe?"

Tulipiga kura, akashindwa. Ndipo nikaandika: "Mlinzi atatembea zamu yake yote upinde ukiwa umetiwa uzi, na mshale mmoja ukiwa tayari juu ya uzi huo, bila kifuniko." Yale maneno mawili ya mwisho niliyaongeza mwenyewe baada ya kukumbuka ule ukanda wa ngozi, na ndiyo hasa yaliyonifurahisha. Niliona yameziba mwanya.

Soja alitii. Kwa wiki tatu alizunguka nyumba zetu akiwa ameshika upinde kwa mkono wa kushoto na mshale ukielekea mbele yake, akitembea upandeupande kama mtu aliyebeba trei ya mayai sokoni. Tulijisikia salama. Lakini ukweli ni kwamba tulianza pia kubadilika. Watu walianza kuita kutoka mlangoni kabla ya kutoka, "Mzee, uko wapi?" na kungoja jibu. Mama anayetuuzia mandazi, ambaye zamani alikuwa akimpelekea soja mawili ya moto na kusimama kupiga soga, sasa aliyaacha juu ya ukuta na kuondoka. Niliyaona yote hayo. Niliyaweka katika fungu la gharama zinazovumilika.

Maji ya mfereji hutufikia mara mbili kwa wiki, na presha yake huwa nzuri tu kwenye bomba la chini, nyuma ya matangi, karibu na lango. Mwenye akili huamka mapema. Asubuhi hiyo ilikuwa karibu saa kumi na mbili, kumeanza kupambazuka, mume wangu yuko Mombasa kikazi, nami nilikuwa nimejaza mtungi mmoja na kuweka wa pili bombani. Nikaanza kuuburuta ule uliojaa kuelekea nyumbani, kinyumenyume, nimeinama, mikono yote miwili kwenye kishikio. Sikuita jina la mtu. Nilikuwa nimesahau kanuni yangu.

Soja alikuwa akikunja pembe ya matangi katika mzunguko wake wa mwisho. Hakuwa ameuvuta uzi, na mshale haukuruka popote. Ulikuwa tu pale nilipouagiza uwe. Nilipofika pembeni nilijiinua na kuutupa mkono nyuma ili ninyooshe mgongo, na kitu baridi kikapita juu ya ngozi yangu, chini kidogo ya kiwiko.

Nilipogeuka, soja alikuwa ameshautoa mshale uzini na kuweka upinde chini. Mkononi mwangu palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole, nao ulikuwa umeanza kutoa damu.

"Kaa chini," alisema.

"Ni mkwaruzo tu, mzee. Si makosa yako."

"Madam, kaa chini. Usitembee hata hatua moja."

Nilimtazama usoni, na hapo nikaelewa kilichokuwa kikiendelea. Nilikaa juu ya mtungi.

"Ina sumu?"

Aliinama kuutazama mkwaruzo.

"Mzee, nimekuuliza."

"Niliipaka nyumbani kabla sijakuja mwaka huu," alisema. "Usifute hiyo damu. Iache ishuke."

Alipiga magoti mbele yangu, akaunyoosha mkono wangu kiganja kikitazama juu, na sote wawili tukaitazama damu ikishuka katika mstari mwembamba hadi karibu na kifundo cha mkono. Ilipofika hapo alichukua mshale uleule na kuigusisha ncha yake kwenye mwisho wa mstari, mbali kabisa na jeraha. Nilitaka kuuvuta mkono. Aliushika kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwake.

"Kama sumu iko hai, damu itageuka nyeusi hapa, halafu weusi upande juu," alisema. "Babu alikuwa anajaribu hivi kabla ya kutoka. Tungoje."

"Na ukipanda?"

"Tungoje, madam."

Tulingoja. Ningependa kusema kwamba katika dakika hiyo niliwaza juu ya maisha yangu, mume wangu, na mwanangu aliye shule ya bweni. Niliwaza juu ya maneno mawili, bila kifuniko, nikayaona kwenye ukurasa, kwa mwandiko wangu. Kisha nikasikia maji yakimwagika nyuma ya matangi, nikasema, "Mzee, mtungi umejaa, mtu afunge bomba." Soja hakugeuza hata kichwa. Alikuwa ameiinamia ile damu mpaka nikahisi pumzi yake mkononi.

Damu ilibaki nyekundu. Ilianza kukauka pembeni, kama damu ya kawaida inavyokauka, na hakuna kilichopanda.

"Nadhani imekufa," alisema hatimaye, akauachia mkono wangu. "Nadhani. Lakini uende hospitali."

Hajji ndiye aliyetukuta hivyo, akitoka msikitini, kofia kichwani na viatu vimelowa umande. Alitazama mkono wangu, akautazama mshale, akamtazama soja aliyekuwa bado amepiga magoti. Hakuuliza mengi. Alikimbia kuleta gari lake, na waliponiona nainuka wote wawili wakanikataza. Waliniketisha kwenye kiti cha plastiki cha langoni wakanibeba hadi garini, soja nyuma na Hajji mbele, mimi juu kama bibi harusi, huku nyumba zikianza kufunguka madirisha.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukesha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, jambo ambalo hadi leo namshukuru kwalo. Alisema sumu za aina hiyo hushambulia moyo, kwamba zikifika hazikawii, na kwamba kipimo cha damu ya mkononi kingeweza kumridhisha babu ya mtu lakini hakikumridhisha yeye. Aliniosha jeraha, akanidunga sindano ya pepopunda, akanibandika nyaya kifuani na kuniambia nilale pale nitazamwe mpaka alasiri. Kisha akaanza kujaza fomu.

"Chanzo cha jeraha, mama?"

"Mshale."

"Wa nani?"

Nilifikiri. "Wa kamati," nikasema.

Mashine iliyokuwa kando ya kitanda ilitoa mlio kwa kila pigo la moyo wangu. Sijawahi kusikiliza kitu chochote kwa makini namna hiyo, wala mhadhara, wala mahubiri. Kila mlio ulipokuja nilikuwa nautazamia unaofuata, na kati ya mmoja na mwingine palikuwa na nafasi ndogo ambayo sikuwa na hoja ya kuijaza. Hajji alikaa nami. Alizungusha tasbihi yake kwa muda, kisha akashindwa kujizuia.

"Mimi nilipinga, dadangu."

"Najua, Hajji. Niliandika kwenye kumbukumbu."

"Uliandika jina langu?"

"Niliandika, 'Mjumbe mmoja alikuwa na maoni tofauti.'"

Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Umri wote huu, nimekuwa mjumbe mmoja."

Nilicheka, na mashine ikaharakisha milio yake, na muuguzi akaja kumwambia Hajji aache kunichekesha au atoke nje.

Kadiri saa zilivyopita nilipata muda wa kuwaza, na niliyoyawaza hayakunipa sifa. Nilitambua kwamba nimeishi sehemu kubwa ya utu uzima wangu nikiwa na mshale kwenye uzi. Katika mikutano ya kazi huwa nimekwisha kutunga jibu kabla mwenzangu hajamaliza swali. Na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilizungumza naye kwa miaka kumi na minne nikiwa tayari kwa neno baya ambalo, nikihesabu kwa haki, alilisema labda mara mbili. Nilikuwa nikiita hali hiyo umakini. Soja alikuwa amenijibu tangu ile Jumapili: mnyama akikuponyoka, wengine wako. Mtu anayeweza kusema hivyo anaweza kutembea mikono ikiwa mitupu, na watu wakakubali kutembea mbele yake.

Saa tisa daktari alirudi, akatazama karatasi za mashine, akanisikiliza kifua, akasema, "Mama, nenda nyumbani. Moyo wako ni mzima kuliko wangu."

Sijui namna ya kueleza wepesi ulioniingia. Nilimpigia mume wangu simu pale pale mlangoni. Asubuhi sikutaka kumtia hofu akiwa mbali.

"Umechomwa na mshale?" aliuliza. "Mshale wa nani?"

"Wetu."

Nikamsikia akipumua kwa kina. "Uko hai lakini."

"Niko hai na nina njaa," nikasema, na ilikuwa kweli. Hajji alininunulia chapati mbili na maharagwe katika kibanda kilicho nje ya hospitali, na nilizila nimesimama, kwa mkono mmoja, bila haya.

Tulipofika langoni soja alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Alikuwa amevaa nguo zake za nyumbani, na begi lake lilikuwa limefungwa na kuwekwa miguuni. Alisimama nilipotoka garini, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayehakikisha hakuna kilichopungua.

"Nilikuwa nangoja nione ni nani atakuja," alisema. "Ni wewe ama ni polisi."

"Ni mimi, mzee. Umekula?"

Hakuwa amekula. Hajji akaenda kumtafutia chakula, nami nikaketi ukutani kando yake na kumuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu alfajiri: kwa nini sumu ilikufa.

"Ile ngozi, madam, mlidhani ni ya kazi gani?"

"Ya kuzuia isikukate."

"Hiyo pia. Lakini kazi yake kubwa ni kuitunza sumu. Ikipigwa na jua, ikipigwa na umande, inachoka. Nyinyi mlisema itembee uchi. Nikasema sawa. Kila siku mshale ni huo mmoja, sikutaka kuvua mwingine. Wiki tatu."

"Na ile mingine iliyo podoni?"

"Hiyo minne bado imevaa," alisema kwa upole.

Kanuni yangu ilikuwa imeuweka mshale mahali ambapo ungenikata, na kanuni hiyohiyo, kwa maneno yaleyale mawili niliyoyaongeza kwa majivuno, ilikuwa imeumaliza nguvu kabla haujanikata. Sikujua nijilaumu au nijishukuru. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimekaa ukutani, kwamba jua lilikuwa likinipiga usoni, na kwamba jambo hilo lilikuwa likinipendeza sana.

"Mzee, ungetuambia siku ile mkutanoni kwamba ina sumu."

"Hajji aliniuliza, nikaogopa kazi. Nyinyi wengine hamkuuliza." Alinitazama. "Nilikosa, mama. Lakini mlikuwa mnaipenda hivyo."

Sikuwa na jibu tayari, na sikulitafuta.

Kamati ilikutana jioni hiyohiyo, tumesimama langoni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kungoja Jumapili. Baadhi walitaka soja afukuzwe. Niliomba nisome azimio letu kwa sauti, nikalisoma lote, kisha nikasema kwamba mtu huyu ametiwa hatiani na sentensi yangu na kwamba atakayemfukuza anifukuze nami. Mwenyekiti alisema hakuna haja ya kufukuza mtu mwenye bendeji. Tulikubaliana kwamba ile mishale minne itarudi Kitui, na mzee mwenyewe akasema ataizika pale babu yake alipokuwa akizika iliyozeeka. Ule wa tano, ulionikata, alikuwa amekwisha kuuvunja. Upinde ungebaki, mgongoni, na mishale mipya ya chuma kitupu ingekaa podoni.

Nilichukua kalamu. "Mlinzi atatembea zamu yake mikono ikiwa mitupu," niliandika, na nikamwomba soja asome kabla wengine hawajatia sahihi. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hapa ongeza filimbi," alisema.

Niliongeza filimbi.

"Sasa mwizi akiingia?" mwenyekiti akamuuliza, kwa ile sauti yake ya injini.

"Nitapiga filimbi."

"Na akikukaribia?"

"Nitapiga kwa nguvu."

"Na asipojali?"

"Hajji si atatoka," alisema soja, "na maoni yake tofauti."

Nilianza kucheka na nikashindwa kuacha, mpaka kalamu ikaniponyoka na ikabidi niketi kwenye kile kiti, machozi yakinitiririka, nikiwa nimeushika mkono wangu uliofungwa ili usitoneke, huku majirani wakiniinamia kuuliza kama ni sumu sasa imepanda. Nikawaambia sivyo. Nikawaambia nipeni dakika, niko sawa, kisha nitawaandikia vizuri.